Vyura katika Bustani za Muhumba

Katika mtaa wa Muhumba, ambako nyumba zilizojengwa zama za Wabelgiji, wakati mji wa Bukavu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, zingali na bustani zinazoteremka kuelekea Ziwa Kivu, mtu apendaye kuishi jirani na vyura hana haja ya kwenda kuwakamata popote. Wamo tayari katika matete ya ufukweni, pamoja na yule mdogo wa kijani ambaye mtaalamu wa Kijerumani Ernst Ahl alimwita kwa jina la Kivu mwaka 1931. Tena kuwahamisha kuna hatari, kwani upo ukungu wa ngozi, uliobainishwa na wataalamu mwaka 1999, ambao umeangamiza jamii nzima za vyura duniani, nao husafiri pamoja na chura na hata na maji ya ndoo aliyomo.

Ajengewe makao, atakuja mwenyewe. Kidimbwi kichimbwe mahali maji ya mvua yanapotulia, ukingo wake mmoja ulale taratibu ili kiluwiluwi kilichoota miguu kipate njia ya kutokea, na kama nyumbani wamo watoto wadogo, pawekwe ua madhubuti. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yana klorini, basi yakae wazi siku mbili kwanza. Samaki wasitiwe kamwe, kwa maana hula mayai.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuacha dawa. Chura hanywi kwa kinywa, bali hufyonza maji kwa ngozi, na kwa hiyo sumu iliyonyunyiziwa kabichi humwingia mwilini bila kizuizi. Majani makavu yaachwe chini ya migomba, na magogo yaoze kwa raha yake: humo hupatikana wadudu, na wadudu humleta kinyonga na ndege pia.

Na mbu? Hofu hiyo ni ya haki. Watoto wa kereng'ende hula mabuu ya mbu kidimbwini, jambo lisilotokea ndani ya tairi bovu lililojaa mvua, lakini chandarua kibaki palepale. Nyoka naye huenda akapita kutafuta riziki, hivyo kidimbwi kiwe mbali na mlango. Na mwenye usingizi mwepesi akiweke mbali na dirisha vilevile, kwa kuwa tangu mvua za Septemba madume huita majike usiku kucha.