Dereva na kibarua wanaolipwa mkononi: kodi yao humrudia mwajiri

Makampuni mengi madogo ya usafirishaji na maghala katika jiji la Arua na mji wa Koboko huandika watu wawili au watatu tu katika orodha ya mishahara. Dereva, taniboi, makuli na mlinzi wa usiku hulipwa taslimu, na jambo huonekana limekwisha hapo. Kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) halijaisha.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1997 haiulizi mtu ameandikwa katika daftari gani. Inaangalia kazi yenyewe. Anayepata ujira uliopangwa, au unaoweza kujulikana, kwa kazi anayofanya ni mwajiriwa, na anayemlipa anapaswa kukata kodi ya mishahara, PAYE, kabla ya kumkabidhi fedha. Dereva anayeendesha lori la tajiri yuleyule kila wiki kutoka Arua kupitia Koboko hadi mpakani Oraba ni mwajiriwa, hata kama hajawahi kutia saini karatasi yoyote. Fundi mwenye gereji yake, anayetengeneza malori ya watu mbalimbali kwa bei anayoitaja mwenyewe, si mwajiriwa. Huyo hukatwa asilimia 6 ikiwa malipo yanazidi Sh 1,000,000 na kampuni imeteuliwa rasmi kuwa wakala wa kukata kodi. Kampuni nyingi ndogo hazimo katika uteuzi huo.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, Sh 235,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Kuli anayelipwa Sh 15,000 kwa siku na kufanya kazi siku 22 amepata Sh 330,000, hivyo kodi yake ni Sh 9,500. Dereva wa Sh 600,000 anadaiwa Sh 82,000. Ukweli ni kwamba makuli wengi wasiopata kazi kila siku hawafiki kwenye kiwango hicho. Tatizo kubwa liko kwa madereva.

Mwajiri asipokata, deni la kodi linakuwa lake. Anaruhusiwa kumdai mfanyakazi baadaye, lakini dereva aliyekwisha kuhamia kampuni nyingine ng'ambo ya mpaka atadaiwa wapi? Juu ya hapo kuna riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ritani ya PAYE hutakiwa kufika kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ikichelewa, adhabu ni asilimia 2 ya kodi au Sh 200,000 kwa kila mwezi, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa kampuni yenye dereva mmoja wa Sh 600,000, adhabu ya mwezi mmoja inazidi kodi yenyewe mara mbili.

Wapo wanaojitetea kuwa mauzo yao hayafiki Sh 150,000,000 kwa mwaka, hivyo wanalipa kodi ya makadirio na wamemalizana na serikali. Kodi hiyo ni ya biashara. PAYE ni kodi ya mfanyakazi inayopita mikononi mwa mwajiri, na moja haifuti nyingine.

Fedha za safari zinahitaji uangalifu. Posho ya chakula, malazi na nauli akiwa njiani haitozwi kodi mradi isizidi gharama halisi au inayotarajiwa. Malipo ya "kwa tripu" ni ujira na hutozwa. Tajiri anayempa dereva bahasha moja yenye vyote viwili, bila kuandika kipi ni kipi, anajinyima utetezi siku wakaguzi watakapofika. Mistari miwili katika daftari ingetosha.

Kanuni za Ajira za mwaka 2011 nazo zinakataza kumweka mtu kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mchango wa NSSF, asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi, unamhusu hata mwajiri wa mtu mmoja. Awali waliobanwa ni wenye wafanyakazi watano au zaidi.

Kwa wanaoajiri madereva kutoka Aru au Kaya, uraia hauondoi kodi: ujira wa kazi inayofanyika Uganda hutozwa Uganda. Asiye mkazi kwa mujibu wa sheria ya kodi hana hata nafuu ya zile Sh 235,000. Hukatwa asilimia 10 kuanzia shilingi ya kwanza.