Miezi ya Kungoja: Khabari za Tabora kwa Mkulima wa Karafuu



Katika kurasa hizi twazoea kusoma mambo ya miche, palizi, uanikaji na bei. Leo naomba ruhusa yenu niandike jambo ambalo halipimwi kwa frasila, ingawa lina uzito wake. Nataka kusema juu ya ile miezi ya kungoja.

Kila mkulima wa karafuu anaijua. Msimu umekwisha, majamvi yamekunjwa, wachumaji wamerudi kwao, na fedha iliyopatikana imekwisha kulipa madeni, skuli na bati la paa. Masika inaingia, njia za shamba zinakuwa tope tupu. Baada ya masika kinakuja kipupwe na baridi yake ya alfajiri, na mtu hana la kufanya ila kuinua uso na kutazama kama karafuu zimeanza kuchomoza. Na mti wetu huu una tabia yake: huzaa sana mwaka mmoja, kisha hupumzika mwaka unaofuata, pengine hata miwili.

Katika miezi hiyo wako watu huingiwa na uzito wa moyo. Si homa wala si jeraha, kwa hiyo hapana pa kuonyesha. Mtu huacha kwenda barazani, huchelewa kuamka, na akiulizwa khabari hujibu "njema tu" huku anatazama chini.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka juzi mikarafuu yangu 14 ilikufa kwa yale maradhi ya kufa ghafla ambayo wazee wetu wanayajua vizuri, majani yakakauka yakiwa bado mtini. Nilikaa ndani masika nzima. Mke wangu akinitilia chai, inapoa, anaimwaga, hasemi neno. Khabari zikamfikia mwanangu wa kike, ambaye ni mwalimu huko Tabora, naye akaleta nauli na maneno machache: "Baba, njoo ukae na sisi kidogo." Basi nikavuka bahari, nikapanda gari la moshi la Reli ya Kati, nikafika Tabora mwezi wa Juni.

Nilidhani nimekimbia kipupwe. Kumbe nimekifuata nyumbani kwake! Tabora iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake haina mchezo. Mchana ni jua kavu, upepo na vumbi, na miti ya miombo inaanza kupukutika. Siku ya kwanza nilijifunika blanketi nikasema sitoki.

Mama mwenye nyumba ya pili hakunipa nafasi. Alikuja asubuhi, akaniamkia "Mwangaluka", nami sikujua la kujibu. Akaweka ungo mbele yangu.

"Mzee wa Pemba, hizi karanga hazijimenyi zenyewe."

"Mama, mimi mgonjwa."

"Mikono nayo inaumwa?"

Nikamenya. Kesho yake akaleta viazi vitamu vilivyochemshwa, tukavikata tukavianika juani. Huko huviita matobolwa; vile vinavyokatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Ndiyo akiba ya Wanyamwezi na Wasukuma ya miezi ya kiangazi, na matobolwa yakiliwa kwa chai ya jioni pamoja na karanga, mtu husahau halua (nasema kweli, na wa Wete wanisamehe). Mimi mwanikaji wa karafuu tangu utoto nikajikuta nageuza viazi juani na kuangalia wingu, kama ninavyofanya uwanjani kwangu. Siku ya nne niliamka kabla hajaja.

Mwanangu alinipeleka Kwihara, karibu na mji, kuona lile tembe la kina Livingstone na Stanley. Nyumba ya sasa imejengwa upya na kufanywa makumbusho, ni ya udongo na dari bapa, na milango yake ya nakshi ingemfanya Mzanzibari adhani yuko Mji Mkongwe. Nilikwenda kwa kumridhisha mtoto tu, maana habari za wazungu hao nilizichoka tangu skuli. Lakini pale nilisikia jambo ambalo sikufundishwa.

Stanley alipoondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 kurudi pwani, alimwacha Livingstone angoje wapagazi ambao angemletea. Hapakuwa na simu wala posta ya kuaminika. Livingstone alikuwa na umri wa miaka karibu 59, mgonjwa, na bila wapagazi hawezi kwenda mbele wala kurudi. Alingoja Machi, Aprili, Mei, Juni na Julai. Wapagazi walifika katikati ya Agosti, naye akaondoka tarehe 25 Agosti 1872. Hesabuni wenyewe: ni masika na kipupwe kizima, miezi ile ile ya kungoja kwetu.

Alifanya nini? Daftari lake la kila siku limehifadhiwa na kuchapishwa. Ndani yake yamo mawazo makubwa ya mito na maziwa, na imo huzuni pia, wala hakuificha. Lakini yamo na mambo madogo madogo. Alifanya jibini kwa ajili ya safari, na akakiri kwamba ni chachu kidogo kwa kuwa maziwa huharibika upesi katika joto. Aliandika juu ya ndege wadogo waliokuwa wakija kwenye mikomamanga ya uani, wazazi na makinda wao 8, na jinsi mama yao alivyokuwa akiwalisha. Fikirini: mtu aliyetafutwa na magazeti ya dunia nzima amekaa anahesabu makinda. Mtu anayeweza kuhesabu makinda bado hajashindwa na siku yake.

Jambo jingine lilinigusa zaidi, nalo ni letu sisi. Katika miezi hiyo hiyo, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao hili. Lakini waliopanda upya miche baada ya kimbunga walikuwa na kungoja kwao, maana mkarafuu hauzai chini ya miaka 6 au 7. Mimi nilikuwa nikililia miti 14.

Tusiipambe Tabora ya zamani kupita kiasi. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walipokewa vizuri na Snay bin Amir, na Burton aliandika kwamba mabwana wa pale waliishi kwa raha, na bustani zao, na vitu vya anasa kutoka pwani. Raha hizo zilifika kichwani na mabegani mwa watu wengine, na katika misafara ile walikuwamo watumwa waliofungwa. Mashamba yetu ya karafuu nayo yalianzishwa kwa jasho la watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Na baada ya hapo, katika waliokuja kutupalilia mikarafuu walikuwamo Wanyamwezi, watu wa huko huko nilikokuwa nikimenya karanga. Sikumwambia hivyo Mama mwenye nyumba, lakini niliwaza.

Kwa hiyo mimi fundisho sikulitafuta kwa mabwana wa Kazeh. Nililipata kwa wapagazi. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru wa kulipwa ujira, na kwao kwenda pwani lilikuwa jambo la heshima kwa kijana. Alichukua mzigo wa frasila 2 hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na safari kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa kiasi cha miezi 3. Sasa, mtu mwenye miezi 3 ya namna hiyo mbele yake afanyeje asivunjike moyo? Hakuitazama miezi 3. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi mbele, na mara nyingi mchana haujapinda walikuwa wamekwisha piga kambi. Baada ya hapo ilikuwa moto, chungu, tumbaku, maneno na nyimbo. Kila siku ilikuwa na raha yake iliyojulikana saa yake, nayo ilikuja mzigo uwe mzito au mwepesi.

Nami nadhani hapo ndipo tunapokosea sisi wakulima. Furaha yetu yote tumeiweka katika msimu. Tukipata karafuu tutakula, tutavaa, tutaoza. Zisipotoka, siku 200 za katikati tunazihesabu kuwa si siku.

Jamaa zetu walioko London na nchi za kaskazini wana taabu inayofanana na hii. Huko wakati wa baridi jua huchwa kabla ya saa kumi jioni, na wengi hudhoofika moyo mpaka majira yageuke. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza kwamba ni aina ya maradhi yanayofuata majira, na wengine hutibiwa kwa kukaa mbele ya taa kali asubuhi. Sisi hatuna kisingizio cha jua, kwa kuwa mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Nafikiri giza letu sisi ni la kukaa bure na la kuona haya mbele ya wenzetu. Lakini dawa moja ni ile ile kwa wote: madaktari wa siku hizi humwambia mgonjwa asingoje moyo uchangamke ndipo afanye jambo, bali alifanye kwanza, hata dogo, kwa saa yake, na moyo utafuata nyuma. Mama wa Tabora hakusoma udaktari, lakini ungo wake ulikuwa umeyasema hayo hayo.

Hapa nitoe onyo, maana sitaki mtu aseme nimemwambia karanga ni dawa ya kila kitu. Mtu akikosa usingizi na chakula wiki baada ya wiki, akawa analia peke yake, au akaanza kusema heri afe, huo si uzito wa kipupwe. Huo ni ugonjwa, Kiswahili cha madaktari wauita sonona, na hutibika. Apelekwe hospitali upesi, na kwa Unguja iko Kidongo Chekundu kwa kazi hiyo. Najua jina la mahali hapo huwatia watu haya. Haya hiyo imetupotezea watu.

Nilirudi Pemba mwisho wa Julai. Shamba lilikuwa vile vile, na miti 14 ilikuwa bado imekufa. Nilikata kuni zake. Kisha nikaanza utaratibu wangu mdogo. Alfajiri baada ya sala natia kahawa mwenyewe, simngoji mke wangu, na kikombe cha kwanza nampelekea yeye. Mara ya kwanza alinitazama kama mgeni. Saa mbili niko kitaluni, nimeatika miche, na kila siku nahesabu iliyotoa jani jipya. Siku ya mvua naanika nini? Sianiki, natengeneza pakacha. Jioni naenda barazani, hata nisipokuwa na la kusema. Niliapa kutosema bei ya karafuu kabla ya kikombe cha pili, lakini kiapo hicho nimekwisha kukivunja mara nyingi.

Masika ya mwaka huu nilitambua kwamba rafiki yangu mmoja, mwanachama mwenzetu, haonekani. Nilijua maana yake. Sikumuuliza ana nini, kwa sababu mimi mwenyewe niliulizwa sana na haikunisaidia. Nilibeba karanga za Tabora, ambazo mwanangu huniletea, nikaingia uani kwake, nikamwambia mkewe, "Shemeji, nina karanga zangu na sina wa kumenya naye." Siku ya kwanza yeye hakutoka chumbani. Tulimenya mimi na shemeji. Siku ya pili alitoka, akakaa kizingitini. Siku ya tatu alisema karanga hizi ni ndogo kuliko za Makunduchi. Nilifurahi mno kusikia ubishi huo.

Wiki iliyopita amekuja mwenyewe barazani na bao lake kwapani. Komwe zilipungua 3, watoto wamezichezea. Tulizijazia kwa mpeta zilizodondoka chini ya mkarafuu ulio nyuma ya baraza, na amenifunga mara mbili.