Mtoto wa mlevi

Katekista mmoja alituuliza hivi: « Kijana mwema anataka kuingia seminari ndogo. Baba yake ni mlevi, na babu yake alikuwa mlevi. Watu wa mji wanasema kwamba damu haifichwi. Je, tumpokee ao tumkatae? »

Ulizo hili si dogo, maana ndani yake kuna mambo mawili yaliyochanganyika. Baba mlevi anampa mtoto damu yake. Anampa tena nyumba yake, ndiyo kusema njaa, fimbo na makelele ya usiku. Mtoto akilewa kisha, nani atajua ni damu ao ni nyumba?

Wenye elimu walipata njia ya kuvitenga. Katika nchi ya Denmark, mganga Goodwin na wenzake walitafuta wanaume waliozaliwa na mzazi mlevi, lakini wakatolewa wangali wachanga na kulelewa na watu wengine. Mwaka 1973 walitoa habari yao: katika 100 wa namna hiyo, 18 walikuwa walevi. Wengine waliolelewa vilevile, bali wazazi wao hawakuwa walevi, walikuwa 5 tu katika 100. Basi damu ina neno lake. Lakini msomaji ahesabu vizuri: 82 katika 100 hawakushikwa.

Tena mtu harithi ulevi wenyewe. Anarithi mwili wenye kupokea pombe kwa namna yake, na mbegu ndogo za urithi, zinazoitwa jeni, zilizo na kazi hiyo ni nyingi sana, kila moja na nguvu kidogo. Kule California, mganga Schuckit aliwapa vijana wa miaka karibu 20 kipimo kilekile cha pombe. Wengine walilewa upesi. Wengine, na zaidi wana wa walevi, walisikia kidogo tu. Alipowatafuta tena baada ya miaka karibu 10, ni hawa wa pili walioshikwa zaidi na ulevi. Habari hii yatuhusu sana, maana kwetu mtu anayekunywa kasiksi usiku kucha bila kuyumba anasifiwa kuwa mwanaume wa kweli. Kumbe mwili wake haumwonyi! Anazidisha ili asikie wanavyosikia wenzake, mwili unazoea, na mwisho hauwezi tena kukaa bila pombe.

Na nyumba? Mwaka 1998, waganga Felitti na Anda walitoa habari ya watu wazima zaidi ya 9.000 wa San Diego, walioulizwa juu ya utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi ao na mtu aliyefungwa. Waliopatwa na mateso ya namna 4 ao zaidi walikuwa na ulevi karibu mara 7 kuliko wasiopatwa na hata moja. Mtoto aliyekaa siku zote katika hofu, moyo wake hautulii hata hofu ikiondoka; pombe yamtuliza saa moja. Nasi twamkaripia mlevi bila kujua alilala wapi alipokuwa na miaka saba.

Matt Talbot wa Dublin, katika Irlandi, alikuwa na mizigo hiyo miwili. Alizaliwa mwaka 1856 katika nyumba maskini, na baba yake alikuwa mnywaji. Akiwa na miaka 12 alipata kazi kwa wauza mvinyo, akaanza kunywa. Mwaka 1884 aliahidi kuacha miezi 3 tu, kisha 6, kisha siku zote; akajikataza kutembea na feza mfukoni. Hakunywa tena hata kufa kwake mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Basi, kijana yule apokelewe kama wengine. Lakini mkubwa wa seminari amwambie kwa upole, wakiwa wawili, kwamba kwake pombe si mchezo. Siku ya Noeli, mtu asimpe bilauri eti ajizoeze: hesabu ya Marekani ya mwaka 1997 ilionyesha kwamba walioanza mbele ya miaka 15 walishikwa na ulevi karibu mara 4 kuliko waliongoja hata miaka 20. Na wewe, katekista, endelea kumtembelea baba yake, maana wadogo wa kijana wangali katika nyumba ile.