Maji ya Vyombo Yanapokataa Kwenda: Utunzaji wa Sinki, Bomba na Shimo la Jikoni

Kila jiko, liwe la familia au la shule, lina milango miwili ya maji: mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Aghalabu watu huhangaikia mlango wa kwanza na kuusahau wa pili. Maji safi hutafutwa kwa jasho na kwa fedha, lakini maji yaliyokwisha kuosha vyombo huachwa yajitafutie njia. Matokeo yake ni sinki lililofurika, uvundo jikoni, na dimbwi jeusi nyuma ya nyumba ambamo mbu huzaana.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya ya Newala. Mji wa Newala umejengwa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya meta 600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ardhi hukatika na kuteremka kwa ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, lakini juu ya uwanda hakuna mito ya kudumu. Udongo wenye mchanga mwingi huyanywa maji ya mvua upesi, nayo hushuka chini sana kabla ya kutokea tena mabondeni kwa njia ya chemchemi. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya uhaba huo na juu ya safari ndefu za kuteka maji. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni hadi juu, na kuanzia miaka ya 1970 Ufini ilishirikiana na Tanzania katika mipango ya maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Pamoja na hayo, nyumba nyingi za uwandani bado huchimbiwa visima vya kuhifadhia maji ya mvua yanayotoka paani.

Mahali ambapo ndoo moja ya maji ina thamani kiasi hicho, bomba lililoziba huleta hasara maradufu. Maji hupotea kwanza katika kuosha vyombo, na hupotea tena katika jitihada za kuzibua. Kwa hiyo inafaa kufahamu ni nini hasa hukaa katika njia ya maji, na kwa nini.

Vitu vitatu vinavyoziba bomba

Kitu cha kwanza ni mafuta. Sufuria inapooshwa ingali moto, mafuta huwa maji na hupita katika sinki bila shida. Lakini yafikapo katika bomba lililofukiwa ardhini hupoa na kuganda. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 za sentigredi hivi. Mafuta ya ng'ombe huganda mapema zaidi, hata katika joto la mchana. Usiku wa Juni na Julai joto la Newala hushuka chini ya nyuzi 20. Ndiyo maana bomba lililofanya kazi vizuri wakati wa masika huweza kuanza kusumbua wakati wa kipupwe, ingawa chakula kinachopikwa ni kile kile.

Kitu cha pili ni wanga. Ukoko wa ugali wa muhogo au wa mahindi una chembechembe za wanga ambazo, zikikutana na maji ya moto, huvimba na kuwa kama gundi. Gundi hiyo hujipaka katika kuta za bomba na kushikilia kila kipitacho.

Kitu cha tatu ni mchanga pamoja na majivu. Kusugua masizi ya sufuria kwa mchanga au majivu ni desturi ya zamani na yenye maana kisayansi. Mchanga hukwangua, na majivu yana chumvi za magadi ambazo hulainisha mafuta na kuyafanya yatoke kwa urahisi. Lakini mchanga ni mzito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko maji. Mwendo wa maji unapopungua, mchanga hutuama. Ukituama juu ya mafuta yaliyoganda, navyo vikashikwa na wanga, hupatikana kizibo kigumu mfano wa saruji laini.

Kazi ya mpindo ulio chini ya sinki

Chini ya sinki, bomba hupindwa kama herufi U. Mafundi wengine wasiofahamu kazi ya mpindo huo huuondoa wakidhani ndio unaozuia maji. Hilo ni kosa. Ndani ya mpindo daima hubaki maji kidogo, nayo huwa mlango unaozuia hewa chafu, mende na wadudu wengine wasipande kutoka shimoni hadi jikoni. Mbinu hiyo si ngeni: fundi wa saa Alexander Cumming alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopindwa huko Uingereza mwaka 1775, na mpaka leo kanuni yake haijabadilika.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba mpindo ndipo mahali pa kwanza ambapo mchanga hutuama. Kwa sababu hiyo mpindo uliotengenezwa vizuri huwa na kifuniko cha kufungua chini yake, au viungo vinavyofunguliwa kwa mkono. Dawa yake ni kuusafisha, si kuuondoa.

Namna ya kutambua mahali palipoziba

Kabla ya kushika chombo chochote, sharti itambulike sehemu yenye kasoro. Njia ya maji ya jikoni kwa kawaida ina sehemu nne: sinki na mpindo wake, bomba la kwenda nje, chemba ya kunasia mafuta, na shimo la kunyonyea maji. Kwanza chemba ifunuliwe. Ikiwa sinki limejaa lakini maji ya chemba yako katika kiwango chake cha kawaida, kizibo kiko kati ya sinki na chemba. Ikiwa chemba imejaa hadi ukingoni ilhali shimo halijajaa, kasoro iko katika chemba yenyewe au katika bomba linalotoka humo. Na ikiwa shimo nalo limejaa, basi bomba halina hatia: udongo ndio ulioshindwa kunywa.

Kizibo kilicho karibu na sinki huondolewa kwa hatua zifuatazo. Maji yaliyosimama yachotwe kwa kikombe na kutiwa katika ndoo. Ndoo nyingine iwekwe chini ya mpindo, kisha mpindo ufunguliwe na uchafu wake utolewe kwa kijiti na kitambaa. Ikiwa mpindo ni safi, waya mrefu wenye ncha iliyokunjwa usukumwe ndani ya bomba huku ukizungushwa. Baada ya njia kupatikana, viungo vifungwe tena, kisha yamiminwe maji ya moto lita 5 yaliyochanganywa na vijiko vinne vya magadi. Maji yasiwe yanatokota ikiwa bomba ni la plastiki, kwa kuwa plastiki hulegea kwa joto kali.

Baadhi ya watu hupendelea kostiki soda kwa sababu huyeyusha mafuta upesi. Dawa hiyo ni hatari. Huunguza ngozi, huweza kupofusha macho, na ikigusa alumini hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Kamwe isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia. Mahali ambapo watoto huingia jikoni, waya, magadi na subira vyatosha.

Chemba ya kunasia mafuta

Njia bora ya kuzuia bomba lisizibe ni kuyanasa mafuta na mchanga kabla havijafika mbali. Chemba ya kunasia mafuta hutumia kanuni moja tu: mafuta ni mepesi kuliko maji, na mchanga ni mzito kuliko maji. Maji yakipewa muda wa kutulia, mafuta hupanda juu na kuganda, mchanga hushuka chini, na katikati hubaki maji yenye uchafu mchache. Kwa hiyo bomba la kutolea maji huchukua maji ya katikati. Mdomo wake wa ndani huelekezwa chini, ukaishia chini ya utando wa mafuta na juu ya mchanga.

Chukua mfano wa jiko la shule ya bweni yenye wanafunzi 200. Ikiwa vyombo vya kila mwanafunzi huoshwa kwa lita 2 kwa siku, maji machafu yatakuwa lita 400. Ikiwa nusu ya maji hayo, yaani lita 200, humwagwa ndani ya nusu saa baada ya mlo, chemba yenye ujazo wa lita 200 itayapa maji muda wa nusu saa hivi wa kutulia. Pipa la kawaida lenye ujazo huo, lililokatwa mdomo na kuwekewa kifuniko kizito, laweza kufanya kazi hiyo.

Utando wa mafuta uenguliwe kila juma, na mchanga uchotwe kila mwezi. Mafuta hayo yasitupwe shimoni. Yafukiwe ardhini au yachanganywe na takataka za kutengenezea mboji. Chemba isiyosafishwa ni sawa na kutokuwa na chemba, kwani ikishajaa mafuta huyapitisha yote.

Shimo la kunyonyea maji

Udongo wa uwanda wa Makonde, ambao huwanyima watu mito, huwasaidia katika jambo hili. Shimo lililojazwa mawe hupokea maji machafu na kuyapenyeza udongoni. Kwanza udongo upimwe. Kitundu chenye upana wa sentimeta 30 kichimbwe hadi kina kinachokusudiwa, kijazwe maji na kuachwa usiku kucha. Kesho yake kitiwe maji ya sentimeta 30. Yakishuka zaidi ya sentimeta 2 na nusu katika nusu saa, mahali hapo panafaa.

Udongo wa kichanga hukadiriwa kunywa lita 30 hivi za maji machafu kwa siku katika kila meta moja ya mraba ya kuta za shimo. Shule ya mfano huo yenye lita 400 yahitaji meta za mraba 13 na ushei. Shimo la duara lenye upana wa meta 1 na nusu, na kina cha meta 3 chini ya bomba, lina kuta za meta za mraba 14. Linatosha. Lakini mafuta yakifika humo hujipaka kutani, vijidudu huota juu yake, na ukoko mweusi hufunga vinyweleo vya udongo. Shimo la namna hiyo halizibuliwi tena, huchimbwa jingine. Hapo ndipo gharama ya kutoengua mafuta hujulikana.

Shimo liwe angalau meta 30 kutoka kisima, na meta 5 kutoka ukuta wa nyumba. Maji yasielekezwe kamwe kwenye ukingo wa mteremko, kwa kuwa huko huchimba makorongo. Penye maji machache, yale yaliyopita chembani yaweza kunywesha migomba na mipapai kwa zamu, bali si mboga zinazoliwa mbichi.

Mashine ya kuoshea vyombo

Katika hoteli na baadhi ya nyumba, vyombo huoshwa kwa mashine. Aliyejulikana sana kwa mashine hiyo ni mwanamke wa Marekani, Josephine Cochrane, aliyepata hataza mwaka 1886 na kuionyesha katika maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Ingawa huendeshwa kwa umeme, nayo hutii kanuni zile zile. Maji yakisimama chini ya mashine, kwanza umeme ukatwe. Kisha chujio la chini litolewe na kusuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni. Mpira wa kutolea maji uchunguzwe kama haukukunjika. Na matundu ya mikono inayorusha maji yazibuliwe kwa kijiti. Ukoko mweupe unaoachwa na chumvi za chokaa huyeyuka kwa siki. Mashine isiyopanguswa mabaki ya chakula kabla ya kuwekewa vyombo huziba kama sinki lolote.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote

Kazi kubwa ya kutunza bomba hufanyika kabla maji hayajamwagwa. Ukoko ukwanguliwe na kupewa kuku. Mafuta yapanguswe kwa karatasi au gunzi. Sufuria zenye masizi zisuguliwe nje, na maji yake ya mchanga yamwagwe kando, si katika sinki. Vyombo vioshwe katika beseni moja la sabuni na kusuuzwa katika jingine, kisha vianikwe juani juu ya kichanja. Kwa njia hiyo maji hupungua, na bomba hupata pumziko.

Manufaa yake hayaishii jikoni. Mbu aina ya Kuleksi huzaana katika maji machafu yaliyotuama, na kutoka yai hadi mbu kamili hupita siku 10 hadi 14 hivi. Mbu huyo hueneza minyoo iletayo matende na mabusha, maradhi yaliyowatesa watu wa mikoa ya kusini kwa vizazi vingi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi kwamba maradhi mengi huanzia katika mazingira ya nyumba. Somo hilo lingali hai. Dimbwi la nyuma ya jiko likikaushwa kabla ya siku 10 kupita, kizazi kizima cha mbu hao hukosa mahali pa kukulia.