Mtoto Anayeumwa Moyoni: Nani Amwangalie Shuleni?



Tunapotaja afya ya mtoto wa shule, sisi tuishio kando ya Ziwa Victoria hufikiri kwanza juu ya malaria, minyoo na kichocho. Kwa upande wa kichocho tumepata mazoea mazuri. Siku ya kugawa dawa inapofika, mwalimu aliyefundishwa kazi hiyo humsimamisha mtoto kando ya kipimo cha urefu, husoma alama, kisha humpa idadi ya vidonge inayomfaa. Mwalimu huyo si daktari. Amefundishwa jambo moja, amepewa kifaa kimoja, na mwalimu mkuu amempa nafasi ya kulifanya. Kwa njia hiyo watoto wetu wengi sana wametibiwa.

Mwezi huu tunapenda kuuliza: je, mtoto anayeumwa moyoni, nani humwangalia? Katika shule nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyepangiwa kazi hiyo. Kila mwalimu anadhani mwenzake ameona, na mzazi anadhani walimu wameona.

Tunaumwaje moyoni?

Tuelewane vizuri. Hatusemi habari za kichaa. Tunasema juu ya huzuni nzito, hofu isiyokwisha, na mawazo yanayomwelemea mtoto hata ashindwe kujifunza, kucheza na kulala. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Linaeleza pia kwamba thuluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafikia miaka 14. Huo ni umri wa shule ya msingi.

Mtoto mdogo hajui kusema, "Nina huzuni." Husema kwa mwili na kwa matendo. Dalili za kuangalia ni hizi:

(a) Anaumwa kichwa au tumbo mara kwa mara, naye amepimwa malaria na minyoo bila kuonekana kitu.
(b) Alikuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Au hapati usingizi, anaota ndoto za kutisha, anasinzia darasani.
(c) Alikuwa mchangamfu, sasa anajitenga. Au alikuwa mpole, sasa anapigana kila siku.
(d) Alama zake zimeshuka ghafla, au ameanza kutoroka shule.
(e) Anasema yeye hana maana, au kwamba ingefaa afe.

Dalili moja kwa siku mbili si ugonjwa. Watoto nao wana siku zao. Lakini zikikaa wiki mbili au zaidi, zinahitaji mtu mzima wa kuzifuatilia. Hiyo dalili ya mwisho haingoji hata siku moja.

Mizigo ya watoto wa ziwani

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Watu 228 walikufa. Baada ya misiba hiyo walikuwapo watoto waliorudi darasani bila baba, bila mama, au bila wote wawili. Ziwa huchukua pia mvuvi mmoja mmoja, usiku wa upepo, bila habari yake kutangazwa redioni. Mtoto wake naye hurudi darasani.

Ipo mizigo mingine. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, mwezi usipoonekana, na katika nyumba nyingi watoto hulala peke yao au huangaliwa na dada wa miaka kumi. Wapo watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI, wakalelewa na bibi. Wapo wenye ualbino: tangu mauaji ya kutisha yaliyoikumba Kanda ya Ziwa miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walitolewa makwao wakapelekwa kwenye shule za bweni kama ile ya Mitindo, Misungwi. Huko miili yao ililindwa. Lakini mtoto aliyetenganishwa na mama yake kwa kuogopa kuuawa anahitaji zaidi ya ukuta na mlinzi.

Fimbo haimtibu

Mtoto wa namna hiyo akisinzia darasani, mara nyingi hupata nini? Hupata fimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu nusu ya vijana waliohojiwa, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18.

Wazazi wengi hawajui kwamba kanuni za Serikali za mwaka 2002 zinaweka mipaka. Viboko visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa la nidhamu tu, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena viandikwe katika kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike. Kukosa hesabu au kusinzia hakumo. Na hata ndani ya mipaka hiyo, fimbo haijapata kumtoa mtoto katika msiba. Humfundisha kuficha, nasi twajua wahenga walivyosema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Majirani wamejaribu nini?

Huko Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki katika utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015. Nusu ya shule hizo zilipata mafunzo ya kujenga shule isiyotumia fimbo, yakiwahusisha walimu, wanafunzi na wazazi pamoja. Baada ya miezi 18, watoto waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa 31 kwa kila 100. Katika shule zisizopata mafunzo walikuwa 49. Hata hivyo, watafiti walipopima hali ya akili ya watoto, hawakuona tofauti kubwa kati ya shule hizi na zile. Kuondoa fimbo ni kuacha kuongeza kidonda; kidonda cha zamani bado kinataka kutibiwa.

Jinsi ya kukitibu kulijaribiwa Moshi, hapa kwetu, na Bungoma, Kenya. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote, walishirikishwa. Waliopangiwa vikundi walikutana kwa wiki 12. Walifundishwa kuvuta pumzi taratibu wanaposhikwa na hofu, kutaja wanavyojisikia, kusimulia kidogo kidogo kifo walichokiona, na kutunza kumbukumbu nzuri za marehemu. Walezi wao nao walikutana, ili wajue kumsikiliza mtoto bila kumkemea. Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika maeneo matatu kati ya manne, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao. Baadaye huko Bungoma walimu wenyewe walifundishwa kuongoza vikundi hivyo shuleni.

Kwa hiyo jambo hili linawezekana katika shule ya kawaida, mradi awepo wa kulisimamia.

Mwalimu mlezi na kazi yake

Shule ichague walimu wawili, mwanamume na mwanamke. Inafaa kuwauliza watoto kwanza, kwa karatasi isiyo na jina: "Ukiwa na shida, ungependa kumweleza mwalimu yupi?" Mwalimu wa nidhamu, ambaye watoto wanamhusisha na adhabu, asipewe kazi hii. Kisha yafanyike haya:

1. Saa na mahali vijulikane. Kwa mfano, Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, chini ya mwembe. Pawe mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Hiyo ni salama kwa mtoto na kwa mwalimu pia.

2. Mwalimu asikilize kuliko kusema. Aseme, "Nimeona siku hizi huchezi na wenzako. Nipo hapa ukitaka kuniambia." Asimlazimishe, wala asimwambie, "Usilie, wewe ni mwanamume." Mtoto wa miaka saba au nane anaweza kudhani mzazi amekufa kwa sababu yeye alikuwa mtukutu, aambiwe wazi kwamba si kosa lake.

3. Atunze siri, ila amweleze mtoto mapema kwamba likiwepo jambo la kumdhuru, itabidi wamshirikishe mtu mwingine wa kumlinda.

4. Habari za ukatili au kunajisiwa zisimalizwe kwa mazungumzo ya kifamilia. Ziende kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo hailipiwi.

Kiongozi ni mwalimu mkuu

Yote hayo hayatadumu kama mwalimu mkuu hayashiki yeye mwenyewe. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake hawezi kuongezewa kazi bila kupunguziwa nyingine. Mwalimu mkuu ampunguzie mwalimu mlezi vipindi viwili au vitatu. Akutane naye kila mwezi kuuliza, "Nani anatutia wasiwasi?" bila kutangaza mambo ya mtoto mbele ya walimu wote. Awazuie walimu kumwadhibu mtoto kwa jambo alilomweleza mlezi; ikitokea mara moja tu, watoto wote watajua na hakuna atakayerudi chini ya ule mwembe. Aidha, awaangalie walimu wenyewe. Nao hufiwa, nao huchoka.

Nyumbani na katika jumuiya

Wazazi na walezi, mtoto akifiwa aambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Kumwambia "Baba amesafiri" humfanya angoje mwaloni miezi mingi. Ashirikishwe mazishi akitaka. Arudi shuleni mapema, maana utaratibu wa kila siku humtuliza, lakini mzazi aende naye kumweleza mwalimu.

Jumuiya zetu ndogo ndogo huwatembelea wafiwa. Tunapokwenda, tuwasalimie pia watoto waliokaa uani, tuwaulize hali kwa majina yao. Tuendelee kufanya hivyo hata baada ya arobaini, wakati wageni wengine wamekwisha kuondoka.

Wakati wa kwenda hospitali

Mtoto aliyeacha kula, anayesikia sauti wengine wasizozisikia, anayeanguka kifafa, au ambaye hapati nafuu baada ya wiki kadhaa za kusikilizwa, apelekwe kwenye kituo cha afya; toka hapo anaweza kuandikiwa kwenda hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando. Mtoto anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Ondoeni karibu naye dawa za pamba, dawa za kuoshea mifugo na vidonge vya nyumbani. Kumwuliza kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.

Kwa kumalizia, tunawaomba wazazi jambo moja. Katika mkutano ujao wa wazazi, baada ya kujadili madawati na chakula cha mchana, mmoja wenu asimame aulize: "Mwalimu mlezi wa watoto wetu ni nani, na anapatikana siku gani?" Kama jina halipo, lichaguliwe siku hiyo hiyo.