Je, wajua? Maji ya Nishat Bagh yaliruka bila pampu

Mwaka 1633 pampu ya umeme ilikuwa bado kuzaliwa, lakini katika bustani ya Nishat Bagh, juu ya ziwa Dal mjini Srinagar, Kashmir, maji yalirushwa hewani kila mahali. Kazi yote iliachiwa mlima. Bustani imepandishwa ngazi 12 kwenye mteremko wa Zabarwan: maji yanaingilia juu, ziwa liko chini. Yakibanwa ndani ya bomba na kuachiwa kwenye tundu dogo ngazi za chini, hupanda yakitafuta usawa yalikotoka. Hayaufikii, kwa kuwa msuguano huyala nguvu njiani.

Lakini mimi navutiwa zaidi na chadar, lile bamba la jiwe lililolazwa mshazari pale mfereji mkuu unaposhuka ngazi. Fundi hakulilainisha. Alilichonga mawimbi mawimbi kama magamba ya samaki, ili maji yajikwae, yavute hewa, yawe povu jeupe lenye mlio. Maji yenye kina cha vidole tu yanaonekana na kusikika kama maporomoko. Huo ni ubahili wenye akili sana!

Mwenye bustani alikuwa Asif Khan, kaka yake malkia Nur Jahan na baba mkwe wa mfalme Shah Jahan. Binti yake, Mumtaz Mahal, ndiye aliyejengewa Taj Mahal. Inasimuliwa kwamba mfalme aliisifu bustani mara tatu akingoja apewe. Mzee kimya. Mfalme akaghadhibika, akaamuru maji yafungwe, na bustani ikafa papo hapo. Mtumishi mmoja alipomwona bwana wake amejiinamia kwa huzuni, akayafungulia kwa siri. Asif Khan akashtuka, akihofia kichwa chake, lakini Shah Jahan alipendezwa na uaminifu ule, akampa baba mkwe wake haki ya maji.

Iwe kweli au ngano, aliyeitunga alijua uhandisi: ukuta, miti ya chinar na hati vyote ni vya Asif Khan, ila mwenye bustani hasa ni aliyeshika mlango wa maji kule juu.

Siku hizi barabara imeikata ngazi ya chini kabisa, iliyogusa ziwa. Ukifika Srinagar, usiende kwa gari. Kodi shikara, mashua ya Dal, uingie kwa upande ule ule waliofikia wageni wa Asif Khan.