Shuka Kibiti, uiache lami



Leo fungua Matendo ya Mitume, sura ya 8, uanzie mstari wa 26. Filipo yuko Samaria na kazi inakwenda vizuri, watu wanabatizwa kwa makundi. Katikati ya mafanikio hayo malaika anamtuma kusini, kwenye njia iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Luka anaongeza jambo ambalo wengi tunalipita haraka: njia hiyo ni jangwa. Mhubiri gani anaacha mkutano uliojaa na kwenda kwenye njia isiyo na watu?

Kwetu sisi wa Dar es Salaam, neno "kusini" lina maana yake. Ni Barabara ya Kilwa: Mbagala, Mkuranga, Kibiti, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, hadi Lindi na Mtwara. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 ulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikikaza ulilala hapohapo. Ilikuwa taabu, lakini ulikula samaki wa watu wa pale na ukawajua kwa majina. Siku hizi kwaya inakwenda Mtwara kwa basi la kukodi. Inapita Kibiti ikiimba, inapita Ikwiriri ikiimba, na kinachoshuka ni chupa tupu za maji kupitia dirishani. Nisijitoe: nimo katika mabasi hayo. Kwa miaka mingi Kibiti kwangu ilikuwa mahali pa kununua korosho na kuchimba dawa.

Leo nakuomba ushuke, na ushuke na baiskeli.

Lami usiifuate. Mabasi na malori ya kusini hayana subira na mwenye baiskeli, utajikuta majanini kila dakika. Lakini ondoka stendi, ingia upande wowote, na baada ya muda mfupi uko kwenye njia za udongo na mchanga, katikati ya mikorosho, miembe na minazi. Unaweza kwenda muda mrefu bila kukutana na gari, labda bodaboda moja mbili. Elekea Mchukwi, ambako kuna hospitali ya misheni. Au rudi kidogo hadi Bungu, ugeuke mashariki kuelekea Nyamisati, kwenye gati la wasafiri wa Mafia. Barabara hiyo ina magari ya abiria, kwa hiyo uliza njia za pembeni za vijijini. Ukifika Nyamisati nchi kavu imekwisha na delta imeanza: mikoko inayokadiriwa hekta 53,000, msitu wa mikoko usio na mfano Afrika Mashariki. Ndani ya mifereji hiyo Wajerumani waliificha meli yao ya kivita, Königsberg, hadi Waingereza walipoipiga Julai 1915. Kutoka hapo hata baiskeli yako itapanda mtumbwi.

Huko baiskeli si mchezo wa Jumamosi. Inabeba nazi, mkaa, samaki, mgonjwa, godoro la harusi. Ukija na ya kwako yenye gia nyingi na kofia ngumu kichwani, watoto watakukimbilia kukutazama, na ni haki yao.

Mara yangu ya kwanza mchanga ulinishinda katika nusu saa. Matairi membamba ya mjini yalizama, nikashuka, nikasukuma. Mbele yangu mzee mmoja naye alikuwa anasukuma, nazi zimening'inia pande zote mbili za keria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko utokako?"

"Kwema."

"Unakwenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia natembea tu. Akasimama, akanitazama, kisha akalitazama begi langu.

Usimlaumu, msomaji. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga ziliishi katika hofu. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji walipigwa risasi, wengine mlangoni kwao. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa siku moja wakiwa kazini. Bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku. Novemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka hapo Kibiti, na hajaonekana mpaka leo. Watu walijifunza kunyamaza. Mgeni asiye na wa kwenda kwake hakuwa mgeni tena, alikuwa swali.

Sisi tulifanya nini? Tuliombea Kibiti. Nakumbuka jinsi jina lenyewe lilivyotamkwa madhabahuni, kama vile linavyotajwa jina la ugonjwa. Tuliomba kwa dhati, sikatai. Ila sijui hata mmoja wa ushirika wetu aliyekwenda kukaa na mjane mmoja wa huko.

Rudi sasa kwa Filipo. Yule towashi wa Kushi yuko ndani ya gari lake anasoma Isaya, mahali panaposema juu ya mtu aliyepelekwa machinjoni kama kondoo, asifungue kinywa chake. Filipo hakumpungia mkono kwa mbali. Luka anasema alikimbia mpaka karibu, na kwa kuwa alikuwa kwa miguu pembeni ya gari, akasikia. Kwanza alisikia, kisha akauliza kama mwenzake anaelewa anachosoma, na hakupanda mpaka alipokaribishwa. Mahubiri yalikuja baadaye. Sisi mara nyingi tunaanza na spika.

Ndiyo sababu naisifu baiskeli, na hasa njia isiyo na magari. Mwendo wake unaruhusu salamu kuisha. Kwenye gari unapunga mkono na umeshapita. Kwenye baiskeli mtu anakuamkua, unaitika, anakuuliza habari za nyumbani, na mchanga ukikushusha mnaendelea kuongea mkitembea. Sauti ya mama anayetwanga unaisikia, na kilio cha msibani pia.

Mzee wangu alinitoa kwenye aibu. "Anayetembea tu hupotea," akasema, "twende kwa mwenyekiti." Jina langu likaandikwa kwenye daftari, likatafutwa benchi, dafu likakatwa. Nikasema mimi ni mtu wa kanisa, kutoka Dar. Hakuna aliyeshtuka. Adhuhuri ilipoingia mzee akaenda msikitini, nami nikabaki chini ya mwembe nikilinda nazi zake.

Eneo hili kwa sehemu kubwa ni la Waislamu. Ukienda huko kwa hesabu ya roho utakazorudi nazo kama mzigo wa korosho, watakutambua kabla hujashuka kwenye kiti cha baiskeli.

Ukitaka milima, vuka mto. Ng'ambo, ukiingia Kilwa, unaiacha lami pale Njia Nne na barabara inapanda kuelekea Kipatimu, katika vilima vya Matumbi. Huko miguu italia. Ni nchi ya mapango ya chokaa, na wazee husimulia jinsi watu walivyojificha humo wakati wa Vita vya Majimaji. Vita vyenyewe vilianzia vilima hivi, Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa ile dawa ya maji, Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Hadi vita kwisha yapo makadirio ya vifo yanayofika 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Kuna kifo kimoja cha mwezi huohuo ambacho Mkristo asikiruke. Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda bara pamoja na watawa wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Waliuawa njiani, upande wa Liwale. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi, na ni sawa. Lakini nikiwa napanda kilima kile, pumzi imeniishia, nilijiuliza waliowaona wakija waliona nini. Njia hizohizo alipita akida akihesabu watu wa kwenda kwenye shamba la pamba. Alipita askari na kiboko chake cha ngozi. Kisha akapita askofu, rangi ileile ya wale waliowatuma. Nani angemweleza mkulima tofauti, na lini? Askofu hakuwa na nafasi ya kuulizwa anakwenda kwa nani.

Swali hilo bado linatuhusu tunaopita na magari yenye vioo vyeusi na bendera ya mkutano wa injili.

Basi ukiamua kwenda, nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Masika udongo wa bonde unashika tairi kama ulimbo, na Rufiji si mto wa kuchezea; Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Karibu na maji kuna viboko na mamba, usiende ukingoni kupiga picha. Anzia ofisi ya kijiji, useme jina lako na kanisa lako bila kuficha. Chukua kiraka, gundi, pampu na maji ya kutosha. Usikatae chakula.

Mzee yule nimeshamtembelea tena mara mbili. Ndiye aliyenifundisha kuhusu mchanga, siku ile ile, alipotoka msikitini na kuyaminya matairi yangu kwa kidole gumba huku akicheka. Yalikuwa magumu mno. Ukifika kwenye mchanga, shuka, toa upepo kidogo, kisha uendelee.